Swali la Kumi na Moja

Walitugawia hojaji mwezi wa Februari,
mwaka wa tatu wa uuguzi, Kutaisi,
chumba ambacho hita yake hupasha dirisha tu.
Swali la kwanza: Umewahi kusikia habari
za timu tembezi ya tiba shufaa?
Nikatia tiki penye Ndiyo,
maana nilikuwa nimezisikia dakika ile ile
mhadhiri alipolisoma swali.

La kumi na moja: Morfini humfupishia mgonjwa maisha.
Kweli. Si kweli. Sijui.
Niliandika Kweli, nikakandamiza kalamu
hadi karatasi ya chini ikapata kovu.
Bibi yangu alikufa akiuma pembe ya mto,
na nyumba nzima tukausifu ustahimilivu wake.

Lasha, nyuma yangu, akauliza kwa sauti,
"Ndio wale wa kuzika mapema?"
Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Machi nikapangiwa nao siku tatu.
Gari kuukuu, mlango wa nyuma umefungwa kwa mshipi,
daktari mmoja, muuguzi Nazibrola, na dereva
ajuaye kwa jina kila mbwa wa milima ya Tkibuli.
Barabara matope nusu, theluji nusu.
Nilitarajia mitungi, mashine, harufu ya wodi.
Begini mwao nikakuta kikata kucha,
mafuta ya midomo, sindano, daftari lenye doa la chai,
soksi za sufu alizofuma mjane
wa mgonjwa wa mwaka jana.

Otia alikuwa mchimba makaa.
Mgodi ulifungwa; mapafu yake
yakaendelea kuchimba miaka ishirini.
Tulimkuta ameketi. Tangu Jumapili hakulala,
kwani kulala kwake ni kuzama.
Tsiala, mkewe, akachochea jiko la kuni,
akatandika mkate wa maharage na jibini:
mgeni ni mgeni, hata akija na sindano.

"Msimwambie," akaninong'oneza, mimi mwanafunzi!
"Anadhani ni nimonia."

Nazibrola akakaa ukingoni mwa kitanda.
"Otia, wewe mwenyewe unadhani ni nini?"
Mzee akalitazama jiko.
"Nadhani ni kile ambacho Tsiala
hataki nijue kwamba nakijua."

Ukuni ukapasuka.
Tsiala akajifunika uso kwa aproni
na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Dozi ilikuwa ndogo, haijazi hata kifuniko cha chupa.
Nilidhani itakuwa kama kuzima taa.
Baada ya nusu saa pumzi zake,
zilizokuwa zikikimbia kama mtu aliyeachwa na treni,
zikaanza kutembea.
Akaomba supu. Akalalamika haina chumvi.
Tsiala akamjibu kwa ukali, ukali wa mke
aliyerudishiwa mume wa kugombana naye.
Kisha akalala, kichwa begani mwa mkewe,
nami, saa mkononi, nikahesabu:
ishirini na nne kwa dakika, ishirini, kumi na nane,
nikingoja lile nililoliandika darasani litimie.

Akakoroma.

Alifariki wiki tano baadaye, miplamu ikichanua.
Dereva ndiye aliyenipigia simu,
akaniambia na habari za mbwa.

Mei, hojaji ile ile, chumba kile kile,
hita sasa imezimwa na joto limekuja lenyewe.
La kumi na moja: Si kweli.
Halikunichukua hata sekunde.
La mwisho: Je, ungependa kufanya kazi katika timu hiyo?
Lasha akanichungulia begani.
Niliyakumbuka yale matope, ile aproni,
mshahara wa Nazibrola, ambao nilikuwa nimemuuliza,
nikatia tiki penye Sina hakika.

Halafu, pembezoni, pasipo na mistari,
mahali ambapo kompyuta haisomi,
nikaandika kwa herufi ndogo:
Bibi yangu aliuma mto siku kumi na moja.
Gari lilikuwa wapi?