Buti la Kushoto

Mara ya kwanza ulianguka penye kuni,
theluji ya Piteå ikakudaka kama godoro.
"Nimeteleza, Gunvor," ukacheka.
Nikakuamini. Barafu husingiziwa mengi huku kwetu.

Mara ya pili ulikuwa umetoka sauna.
Tukausingizia mvuke.

Mara ya tatu hatukuwa na cha kusingizia:
umeketi, kijiko cha uji mkononi,
macho yakazima kama taa ya ghala
yakawaka tena kabla uji haujapoa.
"Nilikuwa wapi?"
Nilikuwa nimehesabu: sekunde kumi na moja.

Daktari Elmqvist alituonyesha moyo wako kwenye skrini,
kuta nene, zinametameta
kama gome la mti lenye jalidi.
"Umekuwa mgumu," alisema.
Nikataka kumbishia. Moyo mgumu, Sixten, wewe?
Wewe uliyemlilia farasi wa jirani?

Protini, akasema, hujikunja vibaya
ikajishindilia kati ya nyuzi.
Walioiona zamani waliidhania wanga,
jina likaganda hapohapo.
Wanga: ule wa viazi,
au wale wa usiku, waingiao bila hodi?
Nikakumbuka viganja vyako,
vyote viwili vilivyopasuliwa miaka minane nyuma
kwa ganzi isiyoisha.
Kumbe walishapita mlango ule.
Nikamkumbuka na bibi yako, aliyeanguka zizini
ndoo ya maziwa imesimama wima kando yake.

Wakakushonea betri chini ya mtulinga.
"Moyo ukichelewa, itaukumbusha," alisema daktari.
"Ukigoma kabisa, siahidi."
Ulimshukuru kwa kutoahidi.

Jumanne, saa moja asubuhi, giza bado.
Benchi la mlangoni.
Ulifunga kamba za buti la kushoto.
La kulia hukulifikia.

Nilisukuma kifua. Ubavu mmoja ukalia.
Sauti kwenye simu: usiache, usiache,
gari liko njiani, linafuata greda la theluji.
Nilihesabu.
Nikafika kumi na moja,
nikapita.

Barua ya vipimo vya Alfhild iko juu ya friji,
ameiandikia mwenyewe: *baadaye*.
Kila asubuhi mwanao hupiga simu:
"Mama, u mzima?"
Nasema ndiyo, nikilichunguza neno,
jinsi lilivyobeba kuzima tumboni mwake.

Hospitali walirudisha buti kwenye mfuko.
Walilivua bila kugusa kamba.
Sijalifungua.
Fundo ni lako.