Daftari Chini ya Mashine Namba Mbili

Salamu ya huku imevaa nguo za swali.
Hilo nililijua kwa kuumbuka.
Jumatatu yangu ya kwanza Doncaster,
kinyozi mgeni, mkasi wa kuazima,
mteja akaingia anakung'uta mvua begani:
"Ol rait?"
Nami, kwa adabu nilizotoka nazo Ranya,
nikajibu nilichoulizwa:
kwamba sikulala, jino la nyuma linanipiga,
mama kahamia kwa dada na jiko la dada halipendi.
Mtu wa watu akabaki kaganda,
mkono kwenye kitasa cha mlango.
Shaho, mwenye duka, akanivuta nyuma ya taulo:
"Anakusalimu tu, ndugu yangu.
Mrudishie ol rait yake, kama chenji."

Nikanunua daftari.
Limo kwenye droo, chini ya mashine namba mbili,
limeshika poda na nywele za watu,
maneno yao kwa herufi zangu,
kutoka kulia kwenda kushoto:

Si mbaya sana: maana yake nzuri.
Si mbaya, ikivutwa kidogo: maana yake mbaya.
Lazima uje kwetu siku moja, tunywe chai: usiende.
Mpenzi: kaniita hivyo dereva wa basi,
mwanamume, ndevu hadi kifuani.
Usishtuke. Lipa nauli.
Mvua: itaje, hata kama nyote inawalowesha.

Na ile inayonilipia kodi ya chumba:
"Unakwenda mahali pazuri mwaka huu?"
Huulizwa ukinyunyiza maji, usimtazame mtu, tazama kisogo.
Tenerife, anasema mmoja. Uturuki. Whitby, na mbwa.
Mimi ambaye karatasi zangu zina mwaka wa tatu
kwenye meza ya mtu nisiyemjua
nawasafirisha wote, kiti kwa kiti.
Kijana mmoja aliwahi kunigeuzia: "Na wewe je?"
"Si mbaya sana," nikasema.
Halikuwa jibu lake. Hakuna aliyegundua.

Neno moja sikuliandika.
Sori.
Sori ukimkanyaga mtu. Sori ukikanyagwa.
Sori kwa kikapu, kwa mlango, kwa kupiga chafya.
Na siku simu ilipoleta habari za kaka yangu,
mteja, shingo imefungwa kitambaa, akaniambia sori.
Nikamjibu: "Kwani umemuua wewe?"
Kwetu neno la aliyekanyaga
na neno la kumpa aliyefiwa
hayalali nyumba moja.

Novemba akaja Bwana Oldroyd, Ijumaa yake ileile,
bila Maureen, ambaye hukaa kando ya hita
akielekeza kwa kidole: hapo, hapo, basi.
Sikufikiri. Ulimi ulishazoea kazi.
"Unakwenda mahali pazuri?"
"Kuchoma maiti," akasema. "Jumanne, saa nne na nusu."
Akakitazama kile kiti kwenye kioo.

Nikapekua daftari kichwani. Mvua? Chai?
Likatoka lenyewe: sori,
kama niliyemkata sikio.
Likadondoka sakafuni pamoja na nywele.

Nikazima mashine.
Viganja vyangu vilikuwa tayari kichwani pake,
na kwetu aliyefiwa huambiwa hivi: kichwa chako kiwe kizima.
Nikalisema kwa Kikurdi, lote, bila haraka.
"Ndiyo nini hiyo?"
Nikamfasiria neno kwa neno, sarufi inachechemea.
Akanyamaza. Hita ikagonga mara mbili.
"Kichwa hakina neno," akasema.
"Ila ikomee wapi, hapo nyuma,
aliyekuwa akijua ni yeye."

Nikakata kidogo kidogo. Nikaomba kidole cha Maureen.
Pesa nilizikataa, akaziacha chini ya chanuo.

Mlangoni akageuka.
"Ol rait?" akasema,
na hakutoka. Alisimama pale,
mkono kwenye kitasa, baridi ikiingia,
akingoja.

Nikamwambia kuhusu jino.