Risiti

Alikuja ndani ya boksi la mafuta ya kupikia.
Julai, Ngaramtoni, ukungu umeketi juu ya mahindi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mbwa hulala nje, ndiyo desturi ya kwetu,
lakini baridi ile ingemmaliza.
Nikamwambia Mama: wiki mbili tu.

Usiku wa kwanza aliacha kidimbwi chini ya kabati.
Asubuhi kingine, mlangoni.
Elinuru akacheka: "Kila anapopita anatoa risiti."
Jina likamganda.

Nikajifunza saa zake.
Akiamka, nje. Akila, nje.
Akianza kuzunguka kama mtu aliyeangusha sarafu,
mbio, nimbebe, nje.
Saa tisa usiku niko chini ya mparachichi,
ndala miguuni, koti la mvua juu ya shuka,
naye ananusa jani. Jani lingine.
Anasikiliza lori likipanda barabara ya Namanga.
Anafanya yote isipokuwa lililotutoa ndani.
Tunarudi, na hapo, katikati ya zulia,
anachuchumaa, ananitazama
kwa macho ya mtu asiyedaiwa kodi.

Mama, kitini kwake karibu na jiko la mkaa:
"Msugue pua palepale. Ataelewa."
Sikumjibu. Nilichota maji, nikapiga magoti.

Nilikuwa na miaka tisa, Mama.
Godoro la sufi lilinizidi uzito,
nikaliburuta mpaka uani,
nikalianika juu ya michongoma
upande wa njia, kama ulivyoagiza,
watoto wa kwa Anaeli walione wakienda shule.
Walikuwa na wimbo. Sitauandika.
Fimbo haikunifundisha kuamka.
Ilinifundisha kulala na hofu,
na hofu hujaza kibofu upesi kuliko chai.

Basi huyu simchapi.
Nasema "nje" kwa sauti ya kuombea chumvi.
Akifanya majanini nampa dagaa mmoja,
namsifu kama bwana harusi, majirani wanachungulia.
Si kwamba sichoki.
Kuna asubuhi niliifokea ndoo.
Kuna jioni nililitafuta lile boksi,
nikalishika, nikalirudisha uvunguni.

Jana nilipitiwa na usingizi.
Saa kumi na moja na nusu, mlango wa nyuma u wazi,
Mama yuko uani, bakora mkononi.
Nikajua nimechelewa.
Kumbe ameiegemea tu.
Mbele yake Risiti ananusa jani. Jani lingine.
Na Mama anamwambia, kwa Kimeru,
kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia:
"Taratibu. Mimi sina pa kwenda."

Sikutoka. Nilisimama nyuma ya pazia
mpaka yule mdogo alipomaliza.
Mama akageukia dirisha, kana kwamba pazia ni kioo.
"Wewe," akasema, "ulituchukua mpaka darasa la tano."
Hakuongeza neno.

Leo mchana Risiti amelowesha kiatu cha mchungaji.
Kabla sijainuka,
Mama alishakwenda kutafuta kitambaa.