Mafuta Yameganda

Leo asubuhi mafuta ya nazi yameganda chupani,
meupe kama mshumaa. Ndiyo kalenda yangu.
Sihitaji redio initangazie Julai:
nimeitikisa chupa, haikujibu,
nikajua kipupwe kimeingia Ilala bila hodi.

Mtaani kila mtu kajitundika alichonacho.
Wa bodaboda kalivaa koti nyuma mbele,
mjukuu wa Mwanahawa kaenda shule na soksi mikononi.
Chaula, mpangaji wangu, mtu wa Makete,
katoka kuoga maji ya bomba, kifua wazi, ananiuliza:
"Bibi, hii nayo mnaiita baridi?"
Naiita. Magoti yangu yanaiita kwa jina lake kamili.

Nimekaa barazani na sweta la mtumba,
chupa kwapani kama kipimajoto,
nikingoja mafuta yalainike,
na mengine nayo yanalainika.

Ya kiwanja, kwa mfano.
Karatasi mia mbili ndani ya beseni la bati.
Karani kachukua moja, akapiga chafya,
ikamponyoka, akaokota nyingine:
"Zaituni binti Mwinjuma!"
Nyumba hii imejengwa juu ya chafya.
Mgeni akipiga ya kwake humu ndani
Alhamdulillahi naiwahi mimi.

Ya sukari, miaka ile ya foleni:
kilo ya mwisho ya duka la kaya.
Nilipimiwa pamoja na sisimizi wake,
nikashukuru kwa wote.

Ya basi la Kusini. Hiyo ilikuwa masika.
Nimeshafika stendi, nikatilia shaka kufuli la mlango,
nikarudi. Basi likaniacha,
likaenda kulala kwenye tope la Ndundu siku tisa,
abiria wakala kuku wa zawadi mmoja mmoja.
Kufuli lenyewe nilikuwa nimelifunga.

Hizi nawasimulia hata wanaokuja kusoma mita.
Wanacheka, nami nacheka.
Ile ya Keko sijamsimulia mtu.

Julai pia. Sabini na nne.
Bohari ilitaka mpiga chapa mmoja,
tukabaki wawili kwenye benchi,
mimi na Philomena Hyera.
Alivuka na pantoni ya alfajiri,
kusi imemchapa tangu Kigamboni,
gauni jepesi la maua, vidole vimekakamaa.
Alikuwa hodari kunishinda. Niliuona wasifu wa cheti chake
nikijifanya natazama saa ya ukutani.
Mlango ukafunguliwa: "Anayefuata."
Zamu ilikuwa yake.
Akavipulizia vidole, akanigeukia:
"Tangulia, dada. Nivipashe moto kwanza."

Nikatangulia.

Nilipotoka, tarishi ameshaambiwa arudishe benchi ndani.
Philomena kasimama pale lilipokuwa,
vidole vimeshapata moto.
Sikumtazama. Nilikuwa na barua mkononi,
nikaitazama barua.
Miaka ishirini na nane ya mshahara,
na pensheni hii, inayonunua hata mafuta haya.

Siku hizi nasikiliza matangazo ya vifo
nikimtega kwa jina la ukoo.
"Wenzetu waliotutangulia," husema mtangazaji,
nami nageuza uso kama niliyeitwa.

Juzi Amana, kwenye foleni ya presha,
nyuma yangu binti, mtoto mgongoni
anakohoa kikohozi kikubwa kuliko yeye.
Nikasema, "Tangulia."
Akapita. Hakuitikia, hakugeuka.
Nikanuna hadi karibu na Karume,
kisha nikacheka peke yangu njiani,
muuza machungwa akadhani naicheka bei yake.

Chaula kapita tena, ndoo mkononi:
"Bibi, si uyaweke tu juani?"
Jua bado halijaruka ukuta wa jirani.
Nimefungua chupa. Katikati donge jeupe, gumu,
pembeni tone moja linateleza.
Nalipaka vidoleni,
kimoja kimoja.