Yabisi

Montevideo haina baridi ya kuua.
Ina majimaji.
Kipupwe kikiingia kuta hutoka jasho,
chumvi hugeuka uji ndani ya kikopo,
na shuka niliyoanika Jumatatu
Alhamisi bado inanuka tope la mto.

Ndani ya nyumba hii Waldemar
ameamua kuwe na jangwa dogo:
mita moja kwa mita moja, kimo cha mtu,
hema la kitambaa cheusi, zipu mbele,
ndani linang'aa kama bati jipya.
Limesimama kilipokuwa kitanda cha Fabricio,
aliyekwenda Valencia na hajasema anarudi lini.
Miche sita ya bangi. Imeandikishwa,
karatasi ya serikali imebandikwa ukutani
kando ya picha ya timu.

Miaka thelathini na mmoja alilinda baridi.
Kiwanda cha nyama, vyumba namba nne hadi tisa,
ng'ombe nusunusu wakining'inia,
naye na daftari: hasi kumi na nane,
hasi kumi na nane,
hasi kumi na sita! Filimbi, simu, fundi.
Siku walipofunga geti
alirudi na kipimajoto mfukoni.
Sikuuliza. Wengine waliondoka na visu.

Daftari sasa ni jipya, mwandiko ni uleule.
Taa zikiwaka: nyuzi ishirini na tano, unyevu hamsini.
Taa zikizimwa: kumi na tisa, unyevu sabini,
kwa kuwa hewa ikipoa, anasema,
hushindwa kubeba maji yake
na kuyatua popote.
Nayo hupenda kutua ndani ya ua nene,
jicho lisipofika.

Kwa hiyo nisichemshe supu baada ya saa mbili usiku.
Nisianike soksi ukumbini.
Nikioga, taulo chini ya mlango.
Nilimuuliza kama kupumua naruhusiwa.
Alifikiri kwanza, ndipo akajibu.

Mikono yangu ina baridi yabisi.
Vifundo vimevimba kama tangawizi;
mimi niliyeshona makoti ya nusu ya mtaa
leo nashindwa na kifungo kimoja.
Maua yale, yakitokoswa polepole na shahamu,
hunikopesha vidole hadi adhuhuri.
Baridi, yabisi.
Yeye aliajiriwa na ya kwanza, sasa anaisaka ya pili.
Mimi zilinijia zote mbili, bila mshahara.

Juma la saba la maua, umeme ulikatika.
Feni ikanyamaza, na ukimya ukaniamsha.
Nilimkuta miguu mitupu, kurunzi mdomoni,
zipu wazi, akipepea kwa kifuniko cha boksi la viatu
kama anayechochea jiko la mkaa.
Nilichukua kifuniko cha pili.
Hatukusema kitu. Viganja viliniuma, kisha vikafa ganzi.
Saa kumi na nusu mashine ilikohoa,
feni ikazunguka,
naye akanitazama kwa mara ya kwanza usiku ule
na kusema, "Sabini na nane,"
kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Asubuhi jani moja la njano lilichomoka bila ubishi.
Chini yake, moyoni mwa kishada kikubwa kuliko vyote,
kijivu, laini, mfano wa manyoya ya panya.
Alikikata kwa mkasi wangu wa kushonea
ambao hata binti wa kwanza hakuruhusiwa kuugusa.
Akakifunga mfukoni, akaufunga mfuko mara mbili.
Akaandika.

Alipolala nilisoma alichoandika.
Safu ya joto. Safu ya unyevu.
Na safu ya tatu, herufi yangu juu: Z.
Jumapili, nne. Jumatatu, nne.
Jana, sita, na mstari chini yake.
Sijui sita ni afadhali au ni mbaya.
Sijui alinipima lini, wala kwa kutazama nini.

Saa tatu usiku nilichemsha supu.
Nilifungua dirisha kidogo.