Kusikia

Lugha yetu ina choyo cha vitenzi.
Jicho peke yake limepewa chake: kuona.
Yaliyosalia yote husikia.
Nasikia adhana, nasikia baridi,
nasikia njaa, nasikia chumvi imezidi,
nasikia harufu.
Kwa hiyo Shukri wa zahanati aliponiuliza,
"Bi Barke, husikii?"
nilimjibu kwa hamaki: masikio yangu mazima, mwanangu,
hata panya wa jirani akipiga mswaki namsikia.

Ni pua.
Homa ya Mfungo Sita ilipoondoka
iliondoka nayo,
kama mgeni aliyeficha kijiko mfukoni.

Nilijua siku maziwa yalipoungua.
Nimekaa hatua mbili na jiko, nachambua asumini,
na Zenabu anapiga kelele kutoka dari ya pili:
"Bi Barke! Mwaungua huko!"
Mimi, ambaye miaka thelathini na minne
hakuna nyumba Mkomani iliyooza binti bila udi wangu.

Shukri akageuza cheti cha dawa, akachora.
Juu kabisa ya pua, akasema,
chini ya mfupa wenye matundu kama chujio,
kuna ngozi ndogo, haizidi stempu.
Imeota vinywele vilivyolala kwenye ute.
Na harufu si upepo, wala si jina la kitu.
Ni kitu chenyewe, punje yake isiyoonekana,
imebanduka huko iliko, ikaja ikatua
kwenye kinywele kinachoijua,
nacho kikapeleka habari ubongoni.

Nikanyamaza. Nikapiga hesabu.
Basi punda wote wa Lamu
wamenipitia kichwani.
Na shingo ya marehemu mume wangu, kila Ijumaa,
haikuwa dalili yake. Ilikuwa yeye,
punje kwa punje,
akiingia bila hodi.

Harusi ya kwa Bi Tima Shekue haikungoja.
Nikapika udi kama kiziwi apigaye ngoma.
Sukari niliisikiliza:
mapovu makubwa hucheka, madogo hunong'ona;
ikinong'ona, epua.
Nikaipima kati ya gumba na shahada,
uzi mmoja bado, nyuzi mbili tayari.
Zafarani niliitazama
hadi ikafanana na ukucha wenye hina ya jana.
Nikajaribu kuonja.
Ulimi, kumbe, ni maskini wa Mungu:
bila pua ana maneno manne au matano tu,
anayarudiarudia.
Wakausifu udi. Nikatabasamu
kama asiyejua kusoma akisifiwa barua yake.

Mwezi wa nne pua ikarudi, imerukwa na akili.
Waridi likawa raba iliyoungua.
Kahawa ikawa tope la mikoko.
Wahenga walisema pua ikipigwa jicho hulia;
hawakusema yaweza kupigwa na waridi.
"Vinywele vipya hivyo," Shukri akaniambia,
"vimeota, ila havijajua
habari ipelekwe mlango gani."

Nikakumbuka chuoni, kijiti cha mwalimu juu ya ubao:
nukta moja chini, bee,
mbili juu, tee,
tatu juu, thee.
Umbo ni lile lile.
Ukikosea nukta, neno zima limekupotea,
na kijiti hicho, paa, kwenye vidole.

Sasa kabla ya chai nina vichupa vinne dirishani:
karafuu, ndimu, waridi, udi.
Nafungua kimoja, nalitaja jina, navuta.
Karafuu. Raba.
Karafuu. Raba.
Kitukuu changu Aliyani, mkoba mgongoni,
ananitazama kwa huruma ya mtu wa darasa la tatu.

Leo pia, raba.
Ila mwisho wa pumzi, pembeni kabisa,
jino la mama yangu,
lile alilokuwa akilitia karafuu usiku
na shavu limefungwa kwa leso.

Nikaziba kichupa upesi,
nisije nikammaliza.