Ya Kale Yananuka

Husema ya kale hayanuki.
Basi njoo Rustavi, panda ngazi hadi orofa ya saba
(lifti ilikufa kabla ya mume wangu),
fungua kabati, ingiza pua katika koti hili la sufi:
mafuta ya taa, moshi wa mbao za sakafu tulizozichoma,
jasho la foleni.

Majira yale ya baridi
umeme ulikuja kama mgeni asiyetuma habari.
Nusu saa, usiku wa manane,
na jengo zima, orofa tisa, likapaza sauti kwa kinywa kimoja:
Umekuja!
Tukakimbia, huyu na pasi, yule na birika,
Vazha na mashine yake ya kunyolea, akafika nusu ya kidevu,
ukakatika.
Akaenda kazini na ndevu za upande mmoja.
Kazi gani? Kiwanda kilikwisha fungwa.
Alikwenda kuketi langoni na wenzake.

Mkate tuliupangia foleni tangu saa tisa usiku.
Namba waliniandika kiganjani kwa wino:
mia mbili na kumi na nne.
Sikunawa mkono ule kutwa nzima
nisije nikajifuta duniani.

Mwanangu Gocha alikohoa kuanzia Desemba hadi Machi.
Sisemi zaidi ya hapo.

Sasa niambie wewe ujuaye,
mbona moyo hunirudia kule
kama ng'ombe arudivyo kwenye zizi lililomchoma miiba?

Nimewaza hivi, nikimenya viazi:
jana imeng'olewa meno.
Usiku ule sikujua kama kutakucha. Leo najua kulikucha.
Kumbukumbu ni mwoga anayesimulia vita
akiwa ameshashika kikombe cha chai.
Tena nilikuwa na miaka thelathini na mmoja,
na magoti yangu hayakuwa na maneno.
Labda siulilii wakati. Nayalilia magoti.

Lakini Nutsa je?
Mjukuu wangu, miaka kumi na tisa, hakuwako,
na juzi kaniomba lile koti.
"Bibi, tunafanya usiku wa miaka ya tisini. Mishumaa tu."
Nikacheka hadi nikakaa. Kisha nikakasirika.
Mnacheza na njaa yangu, nikamwambia,
kama watoto wanaocheza mazishi.
Hakujibu. Alikuwa akifunga vifungo vya koti,
polepole, kama anayesoma.

Wakaja saba. Simu wakazitia kwenye karai, wakalifunika taulo,
wakazima taa makusudi.
Makusudi, Mungu wangu!
Mwanzo wakachekacheka,
halafu wakanyamaza,
halafu kijana mmoja, Bacho, akaanza kumsema mama yake
anayewaogesha wazee wa watu huko Bari;
humwona kwenye kioo cha simu kila siku
na hajamgusa miaka sita.
Walikaa bega kwa bega, blanketi moja.
Nami jikoni nikaelewa, kidogo, si sana:
hawakuitaka njaa yetu.
Walitaka giza
linalomfanya mtu amtafute mwenzake kwa mkono.
Sisi tulipewa bure, tukalilaani.
Wao wanalinunua, mshumaa kwa mshumaa.

Saa sita Nutsa akabonyeza swichi.
Na mimi, kizee, kabla sijajizuia, nikapiga ukelele:
Umekuja!

Vijana wakanitazama.
Jengo kimya. Nusu ya milango humu ina kufuli,
wenyewe wako ughaibuni.
Nikaona haya, nikageukia sinki.

Ndipo bomba la ukutani,
lile tulilokuwa tukigongeana habari,
likalia kutoka orofa ya tano, kwa Tsiala.
Kijiko, bila shaka.
Mara mbili.
Kisha, baada ya kupumua,
mara moja tena.